Programu Nyepesi ya Kupigia Muziki katika Kompyuta

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kwa ajili ya wasomaji

  Wenye chapa ya somo hili mikononi mwao na wafuate polepole. Maneno magumu tutayaeleza kila tunapoyafikia.

Leo tutazungumza habari za programu za kupigia muziki katika kompyuta. Programu ni maagizo yaliyopangwa, ambayo huiambia kompyuta la kufanya. Huenda mtu akauliza, "Je, jambo hili nalo lina historia ya kusomwa darasani?" Naam, linayo, tena yenye faida. Watu wengi wana kompyuta kuukuu, na wakitaka kusikiliza nyimbo huku wakiandika barua, kompyuta hukwama. Kisha huambiwa, "Hii imekufa, nunua mpya." Lakini mara nyingi kompyuta haikufa. Imetwishwa mzigo usio wake. Basi, na tuone mzigo huo ulitoka wapi.

MUZIKI WAPUNGUZWA

Mwaka 1982 sahani ndogo za muziki ziitwazo CD zilianza kuuzwa Japani. Katika sahani hizo muziki umeandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16. Tena kuna njia 2 za sauti, ya kushoto na ya kulia. Zidisheni hesabu hiyo, nanyi mtapata tarakimu 1,411,200 kwa sekunde moja. Huo ni mzigo mkubwa.

Wataalamu wengi walitafuta njia ya kuupunguza. Mmoja wao alikuwa Mjerumani, Karlheinz Brandenburg, aliyefanya kazi pamoja na wenzake katika mji wa Erlangen. Wao walichunguza sikio la mwanadamu. Ngoma ikilia kwa kishindo, mnong'ono ulio karibu nayo hausikiki. Basi, ya nini kuuandika mnong'ono huo? Wakaacha yale ambayo sikio halitayasikia, wakaandika yaliyobaki. Brandenburg aliijaribu kazi yake kwa wimbo wa Suzanne Vega, mwimbaji wa Marekani, ambao huimbwa bila ala yoyote. Sauti ya mtu peke yake haifichi kosa.

Tarehe 14 Julai 1995 wataalamu wale walichagua jina la mafaili ya namna hiyo: MP3. Faili la MP3 la kawaida la siku zile lilitumia tarakimu 128,000 kwa sekunde, yaani sehemu moja tu katika sehemu 11 za CD. Zamani hizo intaneti ilipita katika waya wa simu, nayo ilikwenda polepole. Kwa mwendo wa tarakimu 28,800 kwa sekunde, wimbo wa dakika 4 kutoka katika CD ungechukua zaidi ya saa 3 kufika. Wimbo uleule katika MP3 ulichukua kama dakika 18.

KIJANA WA ARIZONA

Lakini faili lililopunguzwa halipigiki lenyewe. Yatakiwa programu ya kulifungua na kuzirudisha tarakimu kuwa sauti. Kazi hiyo ilizielemea kompyuta za wakati ule. Kwa hiyo programu ya kupigia muziki ilipaswa kuwa nyepesi, wala hapakuwa na hiari.

Mwaka 1997 kijana wa Marekani wa miaka 18, Justin Frankel, mkazi wa jimbo la Arizona, alitoa programu iliyoitwa Winamp. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Dmitry Boldyrev. Winamp ya mwanzo ilikuwa ndogo, hata ikaweza kuingia katika diski laini moja. Ilikuwa na kidirisha kidogo chenye vitufe vya kupiga na kusimamisha, na orodha ya nyimbo. Watu wakaipenda mno, ikaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1999 kampuni kubwa ya AOL iliinunua kampuni ya Frankel, jina lake Nullsoft.

PROGRAMU YANENEPA

Hapa ndipo penye funzo letu. Mwaka 2002 Winamp ilitolewa upya, toleo la 3. Ilikuwa imejengwa kwa namna nyingine kabisa, ili iweze kufanya mambo mengi zaidi na kubadilishwa sura apendavyo mtu. Nia ilikuwa njema. Lakini ilikuwa nzito na ya polepole, na watumiaji wengi wakanung'unika. Wakaiacha, wakarudia toleo la 2. Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwishoni mwa mwaka 2003 wenye programu wakaunganisha wepesi wa toleo la 2 na mambo kadha wa kadha ya toleo la 3. Wakaliita toleo la 5, kwa maana 2 na 3 ni 5.

Kwa nini programu hunenepa? Haba na haba hujaza kibaba. Leo huongezwa picha za waimbaji, kesho duka la nyimbo, keshokutwa matangazo na habari za intaneti. Kila nyongeza ina mtu aliyeitaka. Lakini zote pamoja hukaa katika kumbukumbu ya kompyuta, hata kwa yule asiyezitaka.

Kumbukumbu hiyo ni kama meza ya fundi, na diski ni kama kabati lake. Kitu kinachotumiwa huwekwa mezani. Meza ikijaa, fundi hana budi kupeleka vitu kabatini na kuvirudisha kila mara, na kazi hukawia. Ndivyo kompyuta inavyokwama. Katika meza kubwa programu nzito haileti taabu, na mwenye nyimbo elfu nyingi huenda akahitaji programu ya kuzipanga. Twasema habari za mwenye meza ndogo.

VYOMBO VYEPESI

Mwezi Desemba 2002, mwaka uleule wa Winamp nzito, Peter Pawłowski, aliyepata kufanya kazi kwa Nullsoft, alitoa programu ya foobar2000. Haina mapambo, lakini ni nyepesi, na mtu huongeza yale tu ayatakayo. Hutumika katika kompyuta za Windows.

Kwa kompyuta za Linux, programu ya XMMS ilianza mwaka 1997 kwa kufuata sura ya Winamp. Baadaye, mwaka 2005, ikatokea Audacious, ya ukoo huohuo, nayo hupatikana bure. Iko pia cmus, ambayo haina picha hata moja, ila maandishi tu. Hiyo ni nyepesi mno, lakini yataka mtu aliyezoea kuandika amri.

VLC nayo ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi katika chuo cha École Centrale, karibu na Paris. Hupiga muziki na kuonyesha sinema. Si nyepesi kama hizo nyingine, lakini hufungua mafaili ya namna nyingi sana.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwanza, jiulize wataka nini. Ikiwa ni kusikiliza nyimbo na masomo yaliyomo katika diski yako, huhitaji duka wala picha.

Pili, pima. Katika Windows, bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Itatokea orodha ya programu zinazofanya kazi, na kiasi cha kumbukumbu kinachotumiwa na kila moja. Katika Linux, andika amri ya top. Jaribu programu mbili kwa wimbo mmoja, kisha linganisha.

Tatu, usidanganywe na mapambo. Programu mbili zilizotengenezwa vema, zikifungua faili moja la MP3 bila kuibadili sauti, hutoa sauti ileile kwa sikio lako. Uzuri wa sauti hutoka katika faili na katika spika, si katika rangi za kidirisha.

Nne, ichukue programu kwa watengenezaji wenyewe, au katika hazina ya programu za Linux. Usichukue nakala ya njiani, maana huenda imetiwa uharibifu.

Ndugu zangu, vijana wa mwaka 1997 walisikiliza muziki vizuri kwa kompyuta zilizo dhaifu kuliko hiyo iliyotupwa pembeni kwenu. Faili la MP3 la siku zile lina uzito uleule hata leo. Kilichoongezeka ni programu. Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha zako kununua kompyuta mpya, badili kwanza programu, upime tena.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Wataalamu wa Erlangen waliacha sauti zipi, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini watu waliiacha Winamp ya mwaka 2002?
3. Kumbukumbu ya kompyuta inafanana na nini? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.
4. Katika kompyuta ya darasa lenu, ni programu ipi yenye kutumia kumbukumbu nyingi kuliko zote? Je, mnaihitaji?