Klarineti ya Mjerumani? Mhuri Wasema Vingine

Jamaa mmoja wa Ruangwa alinunua klarineti kuukuu Nachingwea. Mzee aliyemuuzia aliapa ni ya enzi za Mjerumani, na bei ikapandia hapo hapo. Kufika nyumbani akaisugua, mhuri ukatokea: Boosey & Hawkes, London. Kwisha habari! Kampuni hizo mbili ziliungana 1930, wakati Mjerumani alishapoteza Tanganyika tangu Vita vya Kwanza. Sasa ilifikaje kusini? Kuanzia 1947 Waingereza walimiminika Nachingwea kulima karanga, mradi ukafeli, 1951 ukafutwa. Huenda waliiacha hapo. Mzee hakuwa tapeli, naye alisimuliwa tu. Ila jamaa kalipia hadithi. Wewe ukinunua, soma mhuri kwanza, ndipo utoe hela.