Kadi ya Idi Ilitoka Wapi?

  

Mtoto akikaa chini na manila, mkasi na gundi, akaanza kubandika nyota na vitwiga ili amtengenezee nyanya yake kadi ya Idi, hakosi mtu mzima wa kumwuliza: "Kwani hayo si mambo ya Krismasi?" Kwetu Nyeri, ambapo Waislamu ni wachache, swali hilo ni la haki. Hebu tulijibu kwa historia.

MTOTO WA POSTA

Mwaka 1840 Uingereza ilipunguza bei ya kutuma barua hadi peni moja. Miaka mitatu tu baadaye, 1843, bwana mmoja wa London, Henry Cole, aliona barua za salamu zimemzidi, akaagiza kadi zichapishwe. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza ya Krismasi iliyouzwa madukani. Kwa hiyo hata kwa Wakristo, kadi haikuanzia kanisani. Ilizaliwa na posta ya bei nafuu.

Bara Hindi mambo yalikwenda vivyo hivyo. Reli ilianza mwaka 1853, na mwaka 1854 barua ikawekewa bei moja ya nusu ana. Kufikia mwisho wa karne ya 19 Waislamu wa huko walikuwa wakitumiana kadi za Idi. Wachapaji wa Lahore, Delhi na Bombay walizitengeneza, na wengine walichukua kadi zilizochapishwa Ulaya wakaziongezea mashairi ya Idi kwa Kiurdu. Walichukua karatasi, wakaijaza maneno yao wenyewe.

Pwani yetu ilikuwa kwenye njia hiyo hiyo. Kuanzia 1875 hadi 1895 posta ya Unguja iliendeshwa na serikali ya Bara Hindi. Kisha reli ikapanda kutoka Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi lake likafika Nanyuki. Waislamu waliokuja huku juu walikuwa watu wa safari: Waswahili wa misafara, wenye maduka wa Kihindi, wafanyabiashara wa mifugo wa Kisomali, na wanajeshi wa Kisomali waliopewa makao Isiolo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu aliye mbali na mamake wakati wa Idi anahitaji njia ya kumfikishia salamu. Ndiyo maana posta ilikuwa na thamani katika Majengo zetu.

KARATASI NA MKASI

Na karatasi yenyewe si ngeni kwetu. Iligunduliwa China, lakini Waislamu wa Samarkand ndio walioieneza, na mwishoni mwa karne ya 8, zama za Khalifa Harun Rashid, ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Baadaye Waturuki wa Uthmaniya walikuwa na mafundi wa kukata karatasi, kazi waliyoiita kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kukata. Fundi Fahri wa Bursa, aliyeishi hadi mwanzo wa karne ya 17, alisifika kwa maua na bustani alizozikata kwa karatasi.

NA WANYAMA JE?

Siku hizi kuna panchi ndogo za kutobolea karatasi zinazotoa umbo la tembo, kipepeo au ndege kwa kubonyeza mara moja. Je, zinafaa? Hapa maulamaa wamekhitilafiana, basi tusigombane. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alichukizwa na pazia lenye picha nyumbani kwa Bi Aisha (R.A.), likakatwa likafanywa mito. Na imepokewa na Abu Dawud kwamba aliona kati ya vidoli vya Bi Aisha farasi mwenye mabawa ya vitambaa, naye akacheka. Wako wanaoona umbo tupu lisilo na macho wala uso halina neno, hasa kwa watoto. Wako wanaojiepusha nalo kabisa. Muulize ustadh wako, na ukiwa na shaka, mwezi, nyota na majani yapo tele.

Jambo moja tuwe waangalifu nalo: kadi nyingi huishia jaani. Aya za Qur'ani na jina la Allah tusiziandike ovyo. "Idi Njema, nyanya" inatosha.

KWA NINI KWA MIKONO?

Kuanzia miaka ya 2000 simu ya mkono ilichukua kazi ya posta. Saa hii ujumbe mmoja wa WhatsApp unatumwa kwa watu mia mbili, na anayeupokea anajua wazi kwamba hakuandikiwa yeye. Kuunga udugu ni wajibu wetu. Kadi si ibada, ni ada tu, na ada nzuri hutumika kutimiza wajibu. Manila moja inatoa kadi kadhaa. Ukiikata, ukaandika jina la shangazi aliyeko Mombasa na kumwombea dua, atajua ulimkumbuka yeye peke yake.

Tahadhari tu: kazi hii ifanywe mchana. Usiku wa kumi la mwisho una wenyewe.

Wabillahi tawfiq. Idi Mubarak.