Safari ndefu ya basi: jinsi ya kujikinga na maumivu ya mgongo, shingo na miguu

Je, unajiandaa kusafiri kwa basi kutoka Kakuma au Kalobeyei hadi Nairobi, iwe ni kutembelea jamaa wakati wa likizo, kwenda hospitali au kufuatilia makaratasi? Safari hiyo hupitia Lodwar, Kitale, Eldoret na Nakuru, na ni zaidi ya kilomita 700. Wengi hufika wakiwa na maumivu ya mgongo, shingo iliyokaza na miguu iliyovimba. Mara nyingi chanzo ni kukaa muda mrefu bila kusogea, au kuinua mizigo vibaya. Unaweza kujikinga.

Kabla ya kuondoka

- Gawa mzigo katika mifuko miwili midogo badala ya mmoja mzito.
- Unapoinua mzigo, piga magoti, uweke karibu na kifua, kisha simama kwa nguvu za miguu. Usipinde mgongo wala kujizungusha ukiwa umeubeba.
- Ukiweza kuchagua kiti, chukua cha katikati ya basi. Viti vya nyuma hurushwa sana kwenye mashimo. Kiti cha kando ya njia ya kupita hukupa nafasi ya kunyoosha mguu.
- Weka kibali cha kusafiri na kitambulisho mfukoni, ili usiiname kupekua mizigo kila mnapofika kwenye kizuizi cha polisi.

Ndani ya basi

- Kaa ukiwa umeegemea kiti vizuri. Kunja kanga au sweta, uiweke nyuma ya kiuno. Nguo nyingine izungushe shingoni kabla ya kulala.
- Usiweke mizigo chini ya miguu yako.
- Kila baada ya nusu saa, inua visigino na vidole vya miguu kwa zamu, mara 10 au zaidi. Zungusha vifundo vya miguu na mabega.
- Basi likisimama, shuka utembee, hata kama ni dakika chache tu.
- Ukimpakata mtoto, mbadilishe upande mara kwa mara, na mpokezane na mwenzako.

Usiache kunywa maji

Watu wengi hukataa maji kwa kuhofia kukosa choo njiani. Upungufu wa maji huleta maumivu ya kichwa na uchovu, hasa kwenye joto la Turkana. Kunywa kidogo kidogo, na utumie choo kila basi linaposimama.

Kuhusu dawa za maumivu

Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 ndani ya saa 24. Ikiwa una mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, usitumie ibuprofen kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya.

Maumivu ambayo si ya kungojea

Kukaa zaidi ya saa 4 bila kusogea kunaweza kusababisha damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari hiyo huongezeka takriban mara mbili, iwe ni kwa ndege, treni, basi au gari. Haiwapati wengi, lakini donge la damu likifika kwenye mapafu linaweza kuua. Wajawazito, waliojifungua karibuni, waliofanyiwa upasuaji na waliowahi kuugua hali hii wamwone mhudumu wa afya kabla ya safari.

Nenda hospitali haraka ukiona:

- mguu mmoja umevimba, unauma na una joto kuliko mwingine, hasa kwenye shavu la mguu;
- unapumua kwa shida au kifua kinauma ghafla;
- unakohoa damu.

Usiukande mguu huo. Ukiwa njiani, mwambie kondakta mara moja na usingoje kufika Nairobi: Lodwar, Kitale, Eldoret na Nakuru kuna hospitali kubwa za serikali. Dalili hizi zinaweza pia kutokea siku au wiki kadhaa baada ya safari. Zikikupata ukiwa umesharudi nyumbani, mweleze daktari kwamba ulisafiri.