Siku Stanley Alipomkuta Livingstone Ujiji, Msosi Alipika Nani?

Kundi la washkaji likitua Kigoma, safari ya Ujiji haikosi. Mnapanda daladala, mnashuka, mnatembea hadi kwenye mnara wa Livingstone, mnapiga picha chini ya miembe. Mmoja anajifanya Stanley, mwingine anajifanya Livingstone, wanapeana mikono, watu wanacheka, stori imeisha. Hao mnarudi mjini kutafuta migebuka.

Sasa kuna kitu kinapitwa hapo kila siku. Watu wamekariri ile salamu ya Stanley tu, ila jamaa alikuwa mwandishi wa gazeti, na mwandishi wa gazeti haachi kitu. Kwenye kitabu chake aliandika hadi menyu ya siku ile. Yeye anaitaja Novemba 10, 1871, ingawa tarehe inabishaniwa mpaka leo, maana wote wawili walikuwa wameshapoteza hesabu ya siku huko porini. Menyu haina ubishi. Said bin Majid alileta maandazi ya moto ya nyama iliyokatwakatwa, kitu cha ukoo wa kababu. Mohammed bin Sali akaleta kuku wa mchuzi wa bizari. Mwinyi Kheri, mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani pale Ujiji, akaleta wali na mbuzi. Sahani zikawa zinaingia moja baada ya nyingine, na Livingstone, ambaye kwa kauli yake tumbo lilikuwa linakataa kila kitu isipokuwa kikombe cha chai mara moja moja, akala kama mtu aliyetoka kufunga. Stanley akafungua na chupa ya shampeni aliyoibeba tangu pwani.

Kababu, kuku wa mchuzi, wali na mbuzi. Huo ni msosi wa Unguja na Bagamoyo kabisa, umeliwa kilomita zaidi ya 1,200 kutoka baharini, miaka mingi kabla ya reli. Walioleta sahani wametajwa kwa majina yao na ya baba zao. Waliosimama jikoni hawakutajwa, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja tutamfikia.

Kwanza mjue Kigoma na Ujiji ni miji miwili, hata kama leo vyote viko chini ya manispaa moja na kilomita kati yao hazizidi kumi. Kigoma mjini ni mtoto wa Wajerumani. Walianza reli Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912, na Februari 1914 treni ikagusa ziwa. Lile jengo la stesheni mnalopiga nalo picha ni la wakati huo. Bandari ilipowekwa Kigoma, kwenye ghuba yenye kina kizuri, Ujiji ikaanza kupoa taratibu. Meli ya Liemba nayo ni ya stori hiyohiyo: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaletwa kwa meli na treni, ikaunganishwa hapahapa na kushushwa majini 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isichukuliwe na adui, baada ya kuipaka mashine zake grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mambo ya vyuma yaishie hapo, turudi kwenye chakula.

Mkiwa Kigoma amkeni mapema muende Kibirizi. Usiku mliona ziwa limewaka taa utadhani kuna mji mwingine huko majini. Ile ni mitumbwi ya dagaa. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana wavuvi wanaingia usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa wanakaa nyumbani kushona nyavu. Siku hizi taa ni za sola na betri, kabla yake zilikuwa karabai, na kabla ya karabai walikuwa wanawasha moto wa kuni kwenye mtumbwi. Ujanja ni uleule. Dagaa wenyewe si hawa wa Ziwa Victoria, ni jamii nyingine kabisa, ndugu wa sardini wa baharini waliojifungia kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470. Ndiyo maana Kariakoo ukiuliza bei ya dagaa wa Kigoma muuzaji anakuangalia kwanza usoni.

Asubuhi mwanaume akishashusha mzigo kazi yake karibu imekwisha. Ya wanawake ndiyo inaanza. Wao ndio wanaonunua, wanaoanika mchangani au kwenye vichanja, wanaogeuza, wanaokimbizana na mvua. Dagaa wakilowa mchana ule, hasara ni ya aliyeanika. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapumzike na kuzaliana, picha nyingi zilikuwa za mitumbwi imelala. Vichanja vitupu havikupata picha nyingi hivyo.

Halafu mawese. Kama kuna mshkaji wenu anayesema mawese yana harufu, mpeni kisamvu kilichoungwa na mawese mabichi, ugali wa muhogo pembeni na mgebuka wa kukaushwa, halafu muulizeni tena. Wakongomani wa ng'ambo ya ziwa kisamvu wanakiita sombe, na kwenye sahani hiyo mpaka wa nchi hauonekani. Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, wazungu wa kwanza kuandika habari za mji ule, mawese na dagaa walivikuta sokoni tayari. Kwa hiyo ukila hivyo leo, unakula kitu kilichokuwepo kabla ya mwenye mnara.

Kuna stori ya vijiweni, hata baadhi ya viongozi huirudia jukwaani, kwamba Wamalaysia walikuja kuchukua mbegu za michikichi Kigoma wakaenda kutajirika nazo. Inauma na inanoga, ila hesabu haikubali. Michikichi iliyoanzisha ukoo wa mashamba ya Asia ilikuwa miche minne, ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, kisiwa cha Java, mwaka 1848. Hiyo ni miaka kumi kabla ya Burton kuliona ziwa. Kilichotushinda ni kazi na mbegu bora, na ndiyo maana tangu 2018 serikali imekuwa ikihangaika kulifufua zao hili, na kituo cha utafiti cha Kihinga kimepewa kazi ya kuzalisha mbegu. Wakati huo wote akina mama wa Kigoma waliendelea kuchemsha na kutwanga ngazi kwa mikono bila kumsubiri mtu.

Chumvi ya sahani hiyo nayo ina umri wake. Treni ikikaribia Kigoma inapita Uvinza, na Uvinza watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000. Wakati Ujiji inachangamka kwa misafara, chumvi ile ilikuwa ni pesa.

Sasa pandeni daladala ya Ujiji.

Miembe mtakayoiona njiani msiichukulie poa. Embe si tunda la kwetu, asili yake India, likaingia pwani na wafanyabiashara, likapanda bara na misafara. Kuna aliyelipanda kwa kutaka kivuli, na kuna mpagazi aliyekula akatupa kokwa akaendelea na safari. Mpagazi huyo, mara nyingi Mnyamwezi, alikuwa na kilo kama 30 kichwani au begani, pembe au mtumba wa nguo. Ujira wa chakula chake ndio uliitwa posho, na kipimo kilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Leo mtu akisema anasubiri posho ya semina hajui kwamba anatumia neno la watu waliotembea kwa miguu. Msafara wa Stanley ulifika Ujiji siku ya 236 tangu utoke Bagamoyo. Njia nzima ya misafara ya pembe na watumwa, kuanzia Bagamoyo hadi hapa Ujiji, Tanzania iliiombea nafasi UNESCO mwaka 2006, na iko kwenye orodha ya kusubiri.

Ndio, watumwa. Hapa ndipo stori ya chakula inapoacha kuwa tamu.

Ng'ambo ya ziwa, ukiingia ndani ya Kongo, kuna nchi iliyoitwa Manyema. Misafara ya pwani ilivuka kwenda huko kufuata pembe, ikarudi na watu. Wengine walipitishwa Ujiji kwenda pwani, wengine walibaki palepale kulima, kubeba, kupiga makasia na kupika. Waliobaki, pamoja na wengine waliokuja kwa hiari yao, wakawa Waislamu, wakawa Waswahili wa mjini, na watu wa makabila chungu nzima wakaitwa kwa jina moja, Wamanyema. Wajukuu zao wako Ujiji, wako Kigoma, wako Kariakoo na Ilala. Kwa hiyo yule aliyeukoroga mchuzi wa kuku wa Mohammed bin Sali, uwezekano ni mkubwa kwamba hakuja Ujiji kutafuta ajira.

Na kuna sababu iliyomfanya Livingstone arudi Ujiji akiwa hoi vile. Alikuwa anatoka hukohuko Manyema, kijiji cha Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba. Nyangwe ilikuwa na soko kubwa, na soko lilikuwa la wanawake. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu na samaki, mawese, muhogo, vyungu na kuku, wakibishana bei na kucheka, na mzee yule alipenda kwenda kukaa tu kuwaangalia. Julai 15, 1871, siku ya joto kali, sokoni walikuwepo watu kama 1,500. Akawaona watu wa msafara wameingia na bunduki. Mmoja alikuwa anagombania bei ya kuku. Muda mfupi baadaye risasi zikaanza. Wanawake wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa ikazama, wengine wakaogelea hadi nguvu zikaisha. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa ni kati ya 330 na 400. Hakuna hata jina moja la mama wa sokoni lililoandikwa.

Aliyeona hayo ndiye aliyetembea miezi mitatu hivi hadi Ujiji, akafika Oktoba, akakuta mali zake zote zimeshauzwa na mtu aliyetumwa kumfikishia. Siku chache baadaye Stanley akatokea na bendera. Mnapocheza ile michezo ya kupeana mikono chini ya mwembe, hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwa yule mzee.

Tumfikie sasa yule mmoja wa jikoni. Aliitwa Halima, mke wa Hamoyda, mmoja wa watumishi wa Livingstone, na ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba. Stanley anasimulia alivyochachawa siku ile, akichungulia kutoka jikoni kuhakikisha kama kweli barazani wamekaa wazungu wawili. Mpishi yeyote anamwelewa: bwana wake alikuwa hali, leo amekuja mgeni, na sahani za majirani zimeshaanza kuingia. Kwenye kitabu chenye mamia ya kurasa, hapo ndipo jiko la Ujiji linapoonekana kwa muda mfupi.

Halima hakuwa huru. Tunalijua hilo kwa sababu Livingstone mwenyewe aliandika kwenye shajara yake kwamba atamkomboa, na wakifika Unguja atamnunulia nyumba na bustani. Siku hiyo hawakuifikia pamoja. Livingstone alikufa kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873. Chuma, Susi na wenzao wakaukausha mwili na kuubeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Aprili 1874 ukazikwa London, Westminster Abbey, kwa heshima zote. Shajara zikachapishwa mwaka huohuo, na kwenye ukurasa wenye ile ahadi mhariri akaongeza maelezo mafupi chini: Halima aliufuata mwili hadi Unguja, na kifo cha bwana wake kimemwacha bila malipo yoyote kwa kazi ya miaka yote ile.

Yaani alifika Unguja kweli. Nyumba na bustani ndivyo havikuwepo.

Makumbusho ya Ujiji yapo wazi, na sanamu za wale mabwana wawili wanaosalimiana mtazikuta. Pigeni picha, si dhambi. Mkitoka hapo msiwahi kurudi Kigoma mjini, shukeni mtaani mle Ujiji kwenyewe. Ulizeni ugali wa muhogo, kisamvu cha mawese na dagaa wabichi wa siku hiyo, na mkishashiba mwombeni mama awaelekeze alivyopika na aliyemfundisha ni nani. Ila muende kabla ya saa saba, na kama mbalamwezi imejaa msilalamike, dagaa wabichi hamtawapata.