Kipimo Kisichotaja Miguu

Hapa Kibumba, penye mashamba na mizigo ya kupeleka Goma, twazoea kumpima mtu kwa miguu yake. Aliyevunjika uti wa mgongo huhesabiwa kuwa amekwisha.

Ndivyo walivyodhani hata madaktari wengi wa Ulaya, hadi Februari 1944, Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya majeruhi hao huko Stoke Mandeville, Uingereza, akawapa kazi na michezo. Mwaka 1960, mjini Roma, Margaret Maughan, mwalimu aliyepoozeshwa na ajali ya gari katika nchi ya sasa ya Malawi, alishinda dhahabu kwa upinde na mshale.

Lakini nishani haionyeshi mtu anavyojiona moyoni. Mwaka 1965 Mmarekani Morris Rosenberg alichapisha kipimo cha sentensi 10 baada ya kuwahoji wanafunzi zaidi ya 5,000 wa New York. Leo hutumika pia kwa waliopooza. Anayejibu hukubali au hukataa: kwamba ameridhika na nafsi yake, kwamba ana thamani sawa na wenziwe, kwamba pengine hujiona hafai kitu. Hakuna sentensi inayotaja miguu.

Basi tunapomtembelea ndugu wa namna hiyo, tusiulize maumivu tu. Tumwombe shauri, tumkabidhi daftari la hesabu za kikundi. Thamani yake haikuvunjika pamoja na uti wa mgongo.