Walii, Mkaja na Riwaya: Ndoa za Kupangiwa katika Unguja ya Zamani

Riwaya ya mapenzi ya kihistoria, yaani hadithi ndefu ya kubuni inayowaweka wapenzi katika karne iliyopita na kuwabana kwa desturi za karne hiyo, imeifanya Uskoti kuwa mojawapo ya makao yake makuu, na mkasa unaopendwa mno humo ni wa binti anayeozwa kwa mwana wa ukoo hasimu ili vita vikome. Mkasa wa binti wa Kiskoti anayeozwa kwa nguvu una mzizi wa siku nyingi, kwani mwaka 1819 Walter Scott alichapisha The Bride of Lammermoor akiijenga juu ya kisa cha Janet Dalrymple, ambaye wazazi wake walimshurutisha mwaka 1669 kumwacha mchumba aliyemchagua mwenyewe. Ajabu ni kwamba sheria ya Uskoti haikumpa baba nguvu anazopewa na riwaya: hadi mwaka 1929 msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 14 waliweza kuoana kwa kutamkiana tu kuwa wao ni mume na mke, bila ridhaa ya mzazi, na ndiyo sababu vijana wa Kiingereza waliobanwa na sheria mpya ya ndoa iliyoanza kutumika kwao mwaka 1754 walikuwa wakivuka mpaka kwenda kuoana katika kijiji cha Gretna Green. Baba wa Kiskoti alimtawala binti yake kwa urithi na kwa hofu, wala si kwa sheria.

Unguja mambo yalikuwa kinyume, kwa sababu sheria yenyewe ilimtambua baba. Wengi wa Waislamu wa kisiwani walifuata madhehebu ya Shafii, ambayo humtaka kila mwanamke awe na walii, yaani mwanamume wa upande wa babake anayemwozesha, na ambayo humpa baba au babu mzaa baba cheo cha walii mujbir, maana yake walii anayeweza kumwoza binti bikira bila kumwuliza, ilimradi mume awe wa kufu yake, mahari yawe ya kiwango cha wanawake wa nyumba yake, na pasiwe na uadui wa wazi kati ya binti na mzee wake. Kufu ni ulinganifu wa hadhi, na katika mji uliokuwa na Waarabu wa Omani, Washihiri, Wangazija, Washirazi na watu waliotoka utumwani, neno hilo lilibeba uzito kuliko mahari: mwanamume wa Kiarabu aliweza kuoa chini yake bila kelele, lakini binti wa Kiarabu aliyetaka kuolewa chini yake alikuta mlango umefungwa na watu wa ukoo wake. Kwa hiyo ndoa ya watoto wa ndugu ilionekana salama, na usemi wa "binamu nyama ya hamu", ambao wengi huutamka kwa mzaha, ulikuwa na hesabu ya mali na nasaba nyuma yake.

Katika kasri hesabu hiyo ilivuka bahari. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani aliyeifanya Unguja kuwa makao yake, alipeleka posa kwa Malkia Ranavalona wa Kwanza wa Madagaska katika miaka ya 1830, akataka na askari wa msaada pamoja na mke, na jibu likawa kwamba sheria ya nchi haimruhusu malkia kuolewa, ila binti mwingine wa kifalme angeweza kupatikana. Baadaye alimwoa binti wa ukoo wa Shah wa Uajemi, ambaye hamamu za Kidichi zilijengwa kwa ajili yake, na ndoa hiyo ikaishia kwa talaka. Mke wake mkuu, Azza binti Seif, alitoka katika ukoo wa Al Busaidi na hakuzaa. Watoto 36 waliokuwa hai Said alipofariki mwaka 1856 wote walizaliwa na masuria, yaani wajakazi waliowekwa kinyumba na bwana wao. Hapa riwaya za kigeni hujikwaa, maana zinatafuta ndoa kubwa ya kisiasa na kusahau kwamba ufalme wote ulirithiwa na watoto wa wanawake ambao hawakuposwa na mtu.

Mmoja wa watoto hao, Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, ndiye aliyewapa waandishi wa Ulaya mkasa waliokuwa wakiutamani. Alitoroka Agosti 1866 katika manowari ya Kiingereza akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, akabatizwa na kufunga naye ndoa Aden mwaka 1867, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. M. M. Kaye aliiweka riwaya yake Trade Wind ya mwaka 1963 katika Unguja ya mwaka 1859, wakati Barghash, mwana mwingine wa Said, alipojaribu kumpindua nduguye Majid aliyekuwa sultani, huku Salme akimfanyia Barghash kazi ya ukarani, na Nicole Vosseler wa Ujerumani ameandika riwaya nzima ya mapenzi juu ya maisha ya binti huyo. Hata hivyo Salme hawezi kuchukuliwa kuwa mfano wa wanawake wa wakati wake, kwa kuwa waliobaki walikuwa maelfu na mbinu zao zilikuwa nyingine.

Mbinu hizo huonekana katika taratibu za posa zenyewe. Posa ilipelekwa na mshenga, mtu wa makamo mwenye kauli, na maafikiano yakipatikana palitajwa, mbali na mahari ambayo kisheria ni haki ya mke, malipo mengine ya desturi: kilemba cha baba na mkaja wa mama. Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua ili tumbo lirudi, na mkaja wa posa ulikuwa fidia ya kitambaa hicho, yaani malipo ya uchungu na kazi ya kuzaa. Mama ambaye sheria haikumpa sauti katika kuozesha alikuwa na kitu cha kudai, na kitu hicho kisipotolewa kwa heshima aliweza kuichelewesha harusi mpaka watu wakasema. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, alizieleza taratibu za namna hiyo kwa pwani ya Bagamoyo, na za Unguja hazikuwa mbali nazo. Kisha alikuwako kungwi, mwanamke aliyemfunda mwari, akamsinga, akakaa naye katika siku saba za fungate na kupeleka habari kwa wazee wa pande zote mbili, na huyo alijua mambo ya ndoa ambayo walii hakuyajua.

Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe na mitaa ambayo Jang'ombe ni mmojawapo, suala liligeuka: je, asiye na baba anayejulikana anaozwa na nani? Amri ya Sultani Seyyid Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliwaruhusu watumwa kwenda mahakamani kudai uhuru, lakini masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake, hadi amri ya mwaka 1909. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, mtu aliyeachwa huru hubaki na kifungo cha walaa kwa aliyemwacha huru, na bwana wa zamani, au warithi wake wa kiume, huwa walii wa mwanamke huyo ikiwa hana jamaa. Wanazuoni walishuku kama uhuru uliotolewa na serikali bila tamko la bwana ulitosha kisheria, na kwa hiyo walikuwako wanawake walioshika karatasi ya uhuru mkononi na bado wakarudi kwa mabwana kuomba idhini ya kuolewa.

Hata hivyo Ng'ambo kulikuwa na kadhi, ambaye ni walii wa asiye na walii, na kulikuwa na kanuni nyingine ya Shafii ambayo waandishi wa mapenzi hawaitumii inavyostahili: mwanamke aliyewahi kuolewa, anayeitwa thayyib, haozwi bila ridhaa yake aliyoitamka kwa mdomo wake. Talaka zilikuwa nyingi na kuolewa tena hakukuwa aibu, na hivyo ndoa ya kwanza ilikuwa ya wazee na ya pili ilikuwa ya mwenyewe. Riwaya ya Uskoti humalizika pale bibi harusi anapompenda mume aliyepangiwa. Maisha ya mwanamke wa Unguja, yakiandikwa kwa uaminifu, yangeanza pale anapomaliza eda.

Adam Shafi alilielewa jambo hili. Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999 na inayosimulia miaka ya 1950, haikuiweka ndoa ya kupangiwa mwishoni bali mlangoni: Yasmin, msichana wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno, na anapomwacha mumewe, jamaa zake hawamtaki tena, ndipo anapopokewa Ng'ambo na Mwajuma, kisha akakutana na Denge, mpinzani wa ukoloni. Yasmin anavuka mpaka wa mtaa, wa kabila na wa kufu kwa hatua chache tu, na wa kumpokea ni mwanamke asiye na mali wala nasaba ya kuringia. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya hiyo imekisogeza zaidi mbele kisa cha mapenzi, na katika kufanya hivyo imepunguza kidogo uchungu wa kufukuzwa na jamaa, ambao katika kitabu ni mzito kuliko busu lolote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali nayo ilijitwalia kazi ya walii. Septemba 1970 wasichana wanne wa asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa Baraza la Mapinduzi, na jamaa zao wa kiume waliopinga wakakamatwa. Rais Karume aliitetea hatua hiyo kwa kukumbusha kwamba Waarabu waliwachukua wanawake wa Kiafrika kuwa masuria bila kuwaoa. Ulimwengu ulipiga kelele, na Dar es Salaam ikaona fedheha. Deni la masuria lilidaiwa kwa wasichana ambao hawakulikopa, tena bila kungwi, bila mshenga na bila mkaja.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar, na ndoa za Waislamu wa visiwani zimebaki chini ya mahakama za kadhi. Binti wa Jang'ombe huozwa hadi leo kwa kauli ya walii wake, na walii akikataa bila sababu inayokubalika, binti anaweza kumpeleka mbele ya kadhi, ambaye akiridhika na madai yake humwozesha mwenyewe.