Sororiti za vyuo vya Marekani: yanayowatia wasiwasi wasichana na wazazi

Kila mwaka, majuma machache kabla au baada ya masomo kuanza, maelfu ya wasichana katika vyuo vikuu vya Marekani hupita nyumba hadi nyumba wakiwa wamejipamba, huzungumza kwa dakika chache na wenyeji wao, kisha husubiri kuambiwa kama wametakiwa au la. Huo ndio msimu wa kusajili wanachama wa sororiti, yaani vyama vya udada vinavyojulikana kwa herufi za Kigiriki.

Kwa familia za Waswahili zilizohamia Marekani, au zilizompeleka binti huko kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, jambo hili ni geni. Chuo tulichokizoea kina bweni, ukumbi wa chakula na serikali ya wanafunzi. Hakina nyumba ambayo mtu huingia kwa kupigiwa kura. Ndiyo maana maswali huwa mengi, na mara nyingi wazazi huulizia karamu na kiapo cha siri, wakaacha kuulizia karatasi ambayo binti yao atatia saini.

Asili yake

Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, ambamo soror ni dada. Chama kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha aina hii kiliundwa mwaka 1851 katika chuo cha Wesleyan cha wasichana, mjini Macon, jimbo la Georgia, na leo kinaitwa Alpha Delta Pi. Vyama vya wavulana havikuwapokea wasichana, nao wakajiundia vyao. Mwaka 1902 vyama hivyo viliunda shirikisho lao, National Panhellenic Conference, ambalo wanachama wake sasa ni 26.

Waliofungiwa mlango, nao wakawafungia wengine. Wasichana wa Kiyahudi walianzisha Alpha Epsilon Phi katika chuo cha Barnard, New York, mwaka 1909. Wasichana weusi wa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, walikuwa wameanzisha Alpha Kappa Alpha mwaka 1908. Zikafuata Delta Sigma Theta mwaka 1913 na Zeta Phi Beta mwaka 1920, hapo hapo Howard, kisha Sigma Gamma Rho mjini Indianapolis mwaka 1922. Hizi nne zimo katika baraza jingine lenye jina linalofanana mno na lile la kwanza, National Pan-Hellenic Council, lililoundwa mwaka 1930. Msomaji asivichanganye vyombo hivyo viwili, kwani taratibu zao ni tofauti.

Sororiti za weusi kwa kawaida hazipokei mwanafunzi aliyefika juzi. Hutaka kwanza awe amemaliza sehemu ya masomo kwa wastani mzuri wa alama. Aghalabu hazina majumba, na uanachama hauishi siku ya mahafali: matawi ya wahitimu hufanya kazi mijini kwa miaka mingi baadaye. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, alijiunga na Alpha Kappa Alpha akiwa mwanafunzi wa Howard. Delta Sigma Theta, ambayo waanzilishi wake waliandamana Washington mwezi Machi 1913 kudai haki ya wanawake kupiga kura, imekuwa ikiisaidia hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick huko Thika, Kenya.

Gharama

Kiasi hutofautiana kwa chuo na kwa tawi, kuanzia mamia machache ya dola kwa muhula hadi maelfu kadhaa kwa anayeishi katika nyumba ya chama. Muhula wa kwanza huwa mzito zaidi, kwa sababu mwanachama mpya hulipa ada ya kuingizwa na bei ya beji. Yako pia yasiyoandikwa katika orodha ya ada: nguo za siku za usajili, zawadi, picha, safari. Video za wasichana wa Alabama zilizoenea kupitia TikTok mwaka 2021 ziliufanya usajili uonekane kama maonyesho ya mavazi. Si kila chuo kiko hivyo, ila shinikizo la kutaka kufanana na wenzako lipo kila mahali.

Lililo zito zaidi ni nyumba. Matawi mengi humtaka mwanachama aishi humo angalau mwaka mmoja ili vyumba vijae. Mzazi aliyekwisha kulipia bweni la chuo anaweza kujikuta na mikataba miwili. Baadhi ya matawi pia hutoza faini kwa kukosa mikutano. Yafaa mambo haya yaulizwe, na majibu yatakwe kwa maandishi, kabla ya duru ya mwisho ya ziara.

Saini

Katika vyama 26 vya shirikisho la kwanza, mara tu baada ya duru hiyo msichana hutia saini waraka wenye orodha ya sororiti alizo tayari kujiunga nazo. Waraka huu hufunga. Akipata mwaliko kutoka mojawapo ya alizoziandika, kisha akaukataa, hawezi kujiunga na nyingine yoyote ya vyama hivyo chuoni hapo mpaka usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Anaruhusiwa kuandika jina moja tu, ingawa hapo huenda akakosa zote. Anaruhusiwa pia kutotia saini kabisa, na hili ndilo wasichana wengi hawaambiwi kwa sauti ya kusikika.

Kisha huja kipindi cha kujifunza, na mwisho wake ni sherehe ya kuapishwa. Aliyekwisha kuapishwa hawezi kamwe kuhamia chama kingine kati ya hivyo 26, hata akibadili chuo. Mtoto wa miaka 18, siku chache tangu ashuke kwenye ndege, anatakiwa kuamua jambo hilo katika juma moja la nyimbo na vifijo. Kwa maoni yangu hiyo ni haraka kupita kiasi, na anayesubiri hadi mwaka wa pili hapotezi kitu kikubwa.

Mateso ya wageni

Aliyesoma shule ya bweni Afrika Mashariki anajua walivyotendewa wanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa hiyo hapa hahitaji maelezo marefu. Vifo vilivyotangazwa sana Marekani vilitokea zaidi katika vyama vya wavulana, kama kile cha mwanafunzi wa miaka 19 katika Chuo Kikuu cha Penn State mwezi Februari 2017, baada ya kunyweshwa pombe nyingi. Kwa wasichana mara nyingi huwa ni kunyimwa usingizi, kutukanwa, kutumwatumwa na kunyweshwa. Vyama vya weusi vilipiga marufuku rasmi kipindi cha majaribio ya wageni mwaka 1990. Desturi hiyo haikufa, bali katika baadhi ya matawi ilihamia mafichoni.

Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini tarehe 23 Desemba 2024 inavitaka vyuo kuchapisha majina ya vyama vilivyopatikana na hatia ya mateso haya. Kwa hiyo mzazi aliye Maskati au London anaweza kuitafuta taarifa hiyo katika tovuti ya chuo. Katika majimbo mengi, kusema kwamba mgeni aliridhia si utetezi mahakamani.

Sororiti za shirikisho la kwanza kwa kawaida hazikubali pombe katika nyumba zao. Matokeo yake karamu hufanyika kwa wavulana, mahali ambapo wasichana si wenyeji. Umri wa kununua pombe nchini humo ni miaka 21, na kwa mwanafunzi wa kigeni kukamatwa na polisi kunaweza kuleta maswali kuhusu viza. Mwanafunzi huyo anatakiwa pia kudumisha mzigo kamili wa masomo, hivyo hawezi kuacha somo ovyo ili apate nafasi ya shughuli za chama.

Dini na rangi

Ibada za kuapishwa ni siri. Nyingi zilitungwa karne ya 19 na watu waliolelewa katika Ukristo na kusoma Kigiriki cha kale, na athari hizo zimebaki. Msichana wa Kiislamu ana haki ya kuuliza mapema kama kiapo kinamtaja Mungu, na kwa namna gani. Wengi hujibiwa kwa ujumla bila kuonyeshwa maneno yenyewe, na mwenye dhamiri nyepesi kuumia ataona jibu hilo halitoshi. Mwaka 2005 ilianzishwa Gamma Gamma Chi kwa misingi ya Kiislamu, lakini matawi yake yalikuwa machache.

Kuhusu rangi, mfano usiosahaulika ni wa Chuo Kikuu cha Alabama. Mwezi Septemba 2013 gazeti la wanafunzi, The Crimson White, liliandika kwamba wasichana weusi wenye sifa zote walikataliwa, huku baadhi ya wanachama wakisema wahitimu wa zamani ndio waliozuia. Chuo kiliagiza usajili uendelee, na wasichana kadhaa weusi wakapokewa msimu huo huo.

Anayetaka kutoka anaweza kujiuzulu kwa barua. Kabla ya kuapishwa mlango wa vyama vingine hufunguka tena usajili wa mwaka unaofuata. Barua hiyo, hata hivyo, haifuti deni la ada, na mkataba wa nyumba kwa kawaida huendelea hadi siku iliyoandikwa ndani yake.